Kingerikiti: Nilibeba dawa ya Kihindi, nikakuta ufuta wa nyumbani

Wiki hii nakupeleka mbali, kule kusini magharibi ambako nchi yetu inaishia kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Lakini kabla hatujapanda basi, ngoja nikupe siri yangu. Kwa miezi saba nilikuwa siwezi kufunga sidiria mwenyewe. Usicheke! Bega la kushoto lilianza kuuma taratibu, nikadhani nimelilalia vibaya. Halafu likagoma kabisa. Mkono haupandi juu, haurudi nyuma, na usiku ndiyo usiseme.

Kama kawaida yetu, nilianza kwa mkandaji wa mtaani. Yule bwana akanishika mkono akauvuta kama anang'oa muhogo. Nilipiga yowe mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia, na siku tatu sikulala. Ndipo nikaenda hospitali. Daktari akasema bega limeganda, akanipa mazoezi, akaniambia nivumilie, laweza kuchukua mwaka au zaidi. Nikanuna. Mtu anaumwa, unampa mazoezi? Nikapita duka moja la dawa za Kihindi katikati ya jiji, nikanunua chupa mbili za mafuta ya Ayurveda na kopo la vidonge. Bei yake sitaitaja, mume wangu anasoma gazeti hili.

Chupa moja yangu, nyingine ya shangazi yangu wa Kingerikiti, ambaye goti lake lilikuwa linakataa kukunja. Binamu yangu alishanipigia simu: "Dada, mama hawezi tena mlima. Nataka kumhamishia kwangu mjini." Na shangazi naye akapiga: "Mwanangu, njoo uongee na huyu kijana, anataka kunizika na macho yangu yanaona." Basi, safari ikaiva.

Kutoka Dar hadi Songea ni karibu kilometa 1,000, unapitia Makambako na Njombe. Begi langu alilipandisha kondakta, maana mimi na keria ya juu tulishakosana. Nililala Songea, asubuhi nikashika gari la Mbinga, kama kilometa 100 hivi. Wenye umri wangu wanakumbuka njia ile wakati wa masika, abiria mnashuka kusukuma. Siku hizi ni lami, na lami hiyo imeteremka mpaka Mbamba Bay ziwani. Kingerikiti lakini haiko ukingoni mwa lami. Unashuka, unatafuta bodaboda, unashikilia kwa mkono mmoja ulio mzima na unamwomba Mungu kwa mwingine.

Kingerikiti ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ingawa wazee wangu hata leo ukiwauliza wanakwambia wako Mbinga. Ni nchi ya milima. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kuvaa sweta na kanga mbili juu yake. Ziwani kule chini, ambako maji yako chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, watu wanatembea vifua wazi. Huku Umatengo, ambako milima inapita mita 1,500, watu wameuzunguka moto.

Sasa hebu tazama ile miteremko uelewe goti la shangazi lilikuwa linadaiwa nini. Wamatengo wanalima ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga chini miraba miraba. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani, mpaka panabaki shimo lenye matuta pande zote nne. Ukiwa mbali, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye mashimo badala ya kuporomoka na udongo, na majani yanaoza yakawa mbolea. Maharage kwanza, mahindi baadaye. Wazee walianza kilimo hiki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, walipojikusanya milimani kuwakwepa Wangoni. Wataalamu wa kilimo wametoka mpaka Japani kuja kukisoma. Lakini ngoro haichimbwi kwa kalamu, bwana. Inachimbwa na mwanamke aliyeinama, mguu mmoja juu na mmoja chini, kutwa nzima.

Nilimkuta shangazi anateremka kutoka kwenye mibuni. Anateremka kinyumenyume! Fimbo mkononi, uso umeelekea mlimani, mguu mmoja unatafuta ardhi nyuma.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba mwanangu. Usinishangae, mbele goti linapiga kelele, nyuma linanyamaza."

Jioni ndipo nilipoona shida yenyewe. Shangazi alikuwa hali chakula cha usiku. Nilipombana akanivuta sikio: choo ni cha shimo, kuchuchumaa hawezi, na usiku hana wa kumshika mkono. Kwa hiyo ameamua kutokula. Nilikaa kimya. Mimi nalia na sidiria, mwenzangu anashinda njaa kwa sababu ya goti!

Asubuhi nikatoa chupa yangu kwa madaha. Shangazi akaifungua, akainusa, akaimimina kidogo kiganjani.

"Hii si ufuta?"

Nikasoma maandishi yale madogo ya pembeni. Kweli bwana, mafuta ya ufuta, na mizizi kadhaa iliyochemshwa humo. Ufuta! Zao lililojaa Tunduru na Namtumbo, mkoa wetu huu huu wa Ruvuma. Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini tusiwacheke Wahindi, msomaji. Ayurveda ni elimu ya miaka zaidi ya elfu mbili. Inasema mwilini kuna nguvu tatu, na ile inayoitwa vata ina tabia ya ubaridi na ukavu. Vata ikizidi, viungo vinakauka na kukakamaa. Tiba yake ni kinyume chake: mafuta ya ufuta ya vuguvugu, kukanda polepole, mvuke, chakula cha moto, tangawizi, manjano, mafuta ya nyonyo, na utomvu wa mti wa jamii ya ubani. Sasa fikiri kidogo: sisi maradhi haya tunayaitaje? Baridi yabisi. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, na maana yake ni hiyo hiyo, baridi na ukavu. Waganga wa zamani wa Kiarabu nao waligawa maradhi kwa ubaridi na ujoto, ukavu na unyevu. Kumbe tumekuwa tukiitamka tiba ile kila siku bila kujua.

Siku ya pili nikampeleka shangazi zahanati. Mganga pale, kijana mpole, akamwuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Bibi, ukiamka asubuhi, unakakamaa kwa muda gani?" Shangazi akasema, mpaka chai ichemke. Akamtazama vidole, akaligusa goti, akalikunja taratibu, likalia kwa ndani kama mchanga. Akatueleza. Mwisho wa mifupa kumevikwa gegedu, laini kama ile unayoitafuna kwenye kidari cha kuku, na ute unaolainisha. Umri, mizigo na kazi vikiilemea, gegedu inalika. Goti la namna hiyo hukakamaa asubuhi kwa muda mfupi, kama nusu saa, kisha hulegea. Lakini mtu akiamka amekakamaa zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hayo ni maradhi mengine, kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, na yanataka dawa za hospitali mapema kabla viungo havijapinda.

"Na gegedu iliyolika inarudi?" nikauliza.

"Hairudi," akasema. "Ila goti halibebwi na gegedu peke yake. Linabebwa na msuli wa paja. Bibi akiogopa maumivu akakaa, msuli unasinyaa, goti linaelemewa zaidi, linauma zaidi, anakaa zaidi. Huo mduara ndio unaowalemaza watu."

Hapo nikamwona yule daktari wangu wa Dar niliyemnunia. Bega langu nalo ni hivyo hivyo, ingawa ugonjwa ni mwingine. Mfuko unaozunguka kiungo unavimba, unakuwa mnene, unajikaza. Jina la bega lililoganda alilitoa daktari wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine wote. Kwa hiyo bega likiganda bila sababu, pima na sukari. Linapita hatua tatu: linauma, linaganda, linayeyuka. Ukilivuta kwa nguvu wakati linauma, unalichokoza.

Nikatoa na lile kopo la vidonge. Mganga akalizungusha mkononi. Halikuandikwa kuna nini ndani, wala halikuwa na alama yoyote ya usajili. Akaniambia niache. Na alikuwa na haki: mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo baada ya kupima dawa 70 za kunywa za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani huko, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hizo ni sumu. Si kila dawa ya Kihindi iko hivyo, la hasha, lakini kopo lisilojieleza lisikuingie mdomoni. Hata diklofenaki tunazozimeza kama karanga, zikizidi zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Manjano kwenye mchuzi hayana neno, na wapo waliopata nafuu kidogo nayo, ila kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, usinywe dozi kubwa bila kumwuliza daktari.

Na mafuta? Hapo mganga alitabasamu. Mafuta hayafiki kwenye gegedu. Lakini joto na kukanda vinatuliza maumivu, misuli inalegea, na mtu anapata ujasiri wa kulisogeza lile lililogoma. "Pakeni," akasema, "halafu fanyeni mazoezi hapo hapo kabla joto halijatoka."

Basi pale nyumbani tukaanzisha darasa. Asubuhi na jioni tunapasha ufuta juu ya makaa, vuguvugu tu. Shangazi ananikanda bega, mimi namkanda kuzunguka goti. Kisha yeye anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mbele, anahesabu mpaka tano, anashusha, mara kumi. Halafu anasimama na kukaa bila kushika kitu, mara tano, baadaye kumi. Mimi nainama, naegemea meza, nauacha mkono uning'inie na kuubembeza kama kengele ya kanisa. Kisha natembeza vidole ukutani kama buibui, naweka alama ya mkaa pale nilipofika. Sheria ya mganga: maumivu kidogo yanayotulia haraka ni sawa, yakilala mpaka kesho, punguza.

Binamu akafika siku ya nne, tayari kwa kuhamisha. Shangazi akamwambia mbele yangu: "Mwanangu, kwako mjini nitakaa kwenye kochi. Nikikaa, nimekwisha." Kijana akanitazama. Nikamwambia mama yako anahitaji kiti kabla ya nyumba. Tukaita fundi seremala, akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo la choo, na vishikio ukutani. Usiku ule shangazi alikula ugali akaongeza. Binamu akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Naye hakuwa anajua.

Walikubaliana hivi: mpaka msimu wa ngoro uje, haondoki mtu. Kuni na maji ni kazi ya wajukuu. Mlimani atakwenda, lakini kwa kipimo.

Mimi nilirudi Dar na chupa ya ufuta wa sokoni. Alama zangu za mkaa nikazihamishia ukuta wa jikoni kwangu. Mwezi wa pili zilipita usawa wa macho, wa tano nikafikia keria ya basi. Sidiria? Nafunga mwenyewe, asante kwa kuuliza.

Machi shangazi akapiga simu. Zamani alikuwa akichimba ngoro ishirini kwa siku. "Leo nimechimba sita," akasema, "zilizobaki wamemalizia watoto." Goti halijapona, bado anateremka kinyumenyume. Ila mbegu za maharage amezifukia kwa mkono wake, na kijana wake ndiye aliyekuja kufyeka majani.

Msomaji, kiungo chako kikivimba ghafla kikawa cha moto na una homa, au umeanguka na hakisogei, usisubiri mafuta wala mimi, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kama ni ile baridi yabisi ya kila siku, na una mama kijijini anayesema ameshiba kabla hajala, hebu mwulize habari za choo. Kisha pasha ufuta.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.