Bima Iandikwe kwa Jina la Nani?

Mtanzania aliyeendesha gari Dar es Salaam miaka ishirini, akapita Ubungo asubuhi na jioni bila kumgonga mtu, akifika Birmingham na kuomba bima hutozwa kama kijana aliyeshika usukani juzi. Watu wazima huumia sana kwa hilo, na wana haki ya kuumia. Nyumbani bima hulitazama gari: thamani yake, na kama ni la binafsi au la biashara. Uingereza humtazama mtu kwanza: umri, kazi, mtaa anaoishi, leseni yake imetoka wapi, na amekaa miaka mingapi bila kudai fidia. Miaka ya Dar kampuni nyingi haziihesabu.

Kwa hiyo akiba ya kwanza huku ni leseni. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya Tanzania au Kenya kwa miezi 12, na wengi huiacha miezi hiyo iishe ndipo waanze kujiandaa. Leseni zetu hazibadilishwi moja kwa moja kama za Afrika Kusini au Zimbabwe; lazima ufanye mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Ufanye mapema. Kwa kawaida bei hushuka ukishapata leseni ya huku.

Mengine ni mepesi. Tafuta bima mpya wiki tatu au nne kabla ya ya zamani kuisha, kwani anayenunua siku ya mwisho mara nyingi hutozwa zaidi. Ukiweza, lipa ya mwaka mzima, maana malipo ya kila mwezi kwa kawaida ni mkopo wenye riba. Ulizia pia bei ya bima kubwa (comprehensive), ambayo huku mara nyingi huwa nafuu kuliko bima ndogo (third party). Tangu Januari 2022 FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha huku, imezikataza kampuni kumtoza mteja anayehuisha bima bei ya juu kuliko ile ambayo zingempa mteja mpya, lakini kampuni ya jirani bado inaweza kuwa nafuu zaidi. Linganisha kila mwaka.

Linalonigusa zaidi ni suala la jina. Katika nyumba zetu nyingi bima ni ya baba, na mama anaongezwa kama dereva wa pili. Kwa mwaka huo ni akiba kweli. Lakini punguzo la kutodai fidia, ambalo baada ya miaka kadhaa linaweza kukata zaidi ya nusu ya bei, kwa kawaida hujengwa kwa mwenye bima peke yake. Mama anapeleka watoto shule, anakwenda zamu ya usiku hospitalini, miaka kumi gari halina hata mkwaruzo. Siku ndoa ikivunjika, au mume akifariki, anaomba bima yake na kuambiwa ana miaka sifuri, katika mwezi ambao kila pauni inahesabiwa. Nawasihi wanandoa wenye magari mawili wawe na bima mbili, kila mmoja kwa jina lake. Wenye gari moja watafute kampuni inayomhesabia na dereva wa pili. Zipo, ingawa si nyingi. Na kama mama ndiye anayeliendesha zaidi, yeye ndiye anayepaswa kuandikwa dereva mkuu. Kumficha chini ya jina la mume ni udanganyifu, na kampuni inaweza kukataa kulipa. Ndivyo ilivyo pia kwa mzazi anayejiandikisha dereva mkuu wa gari la mwanawe.

Anayerudi nyumbani kujenga au kuuguza mzazi naye ajue kwamba punguzo lake kwa kawaida hufa baada ya miaka miwili bila bima.

Kuna pia wanaouza bima bandia za bei ya kutupwa kupitia WhatsApp, wakiwalenga wageni hasa. Kamera za polisi husoma namba ya gari na kuilinganisha na kumbukumbu za Motor Insurers' Bureau. Ukikamatwa bila bima ni pauni 300, pointi 6, na gari linaweza kuchukuliwa. Aliyepata leseni yake ya kwanza ya huku chini ya miaka miwili iliyopita, pointi hizo 6 zinamfutia leseni yenyewe.

Kwa gari la nyumbani ushauri wangu unageuka: huko tunabana mno. Mtu anaagiza gari Japani, analipa ushuru bandarini, gharama ikifika shilingi milioni 20 analikatia bima ndogo ya shilingi 100,000 kabla ya VAT. Bima hiyo humlipa uliyemgonga. Gari lako likiungua au kuibiwa hupati kitu. Bima kubwa, kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichozoeleka kwa gari binafsi, ni 700,000 kabla ya VAT. Kwa anayelipwa kwa pauni, na gari liko mikononi mwa mdogo wake, nasema ailipe. Stika ya bima siku hizi ni ya kielektroniki, na unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, ukiwa huku huku Birmingham. Lakini umuulize mdogo wako pia kama jioni anabeba abiria wa teksi za mtandaoni. Kama anabeba, likatie gari bima ya biashara kabla hajatoka tena, na tofauti ya bei itoke kwenye mapato hayo ya teksi.