Kizimba siku mbili, majirani wiki tatu

Wiki hii siandiki juu ya bei ya bunga wala juu ya barabara. Naandika juu ya kinyonga. Na wewe unayetaka kukimbia ukisikia jina hilo, ngojea kidogo, maana ni hofu hiyo hiyo iliyoniletea kazi.

Kwangu Ndosho, magharibi ya Goma, tunaishi watu tisa ndani ya vyumba vitatu. Wa tisa ni mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi. Alifika mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati vita ilipokaribia Sake na watu wa Masisi wakajaa barabarani na magodoro kichwani. Dada yangu na wale wadogo walipata hema kwenye kambi ya Lushagala. Huyu mkubwa nilimchukua mimi ili asipoteze mwaka wa shule. Miezi ya kwanza aliongea kidogo sana. Nyumbani aliacha mbuzi wawili na mbwa mmoja, na kila jioni alirudia swali moja: mbwa atakula nini? Sikuwa na jibu, nikawa namwambia alale.

Mwezi wa kumi, jioni moja mvua ilipokatika, aliingia jikoni na kijiti mkononi. Juu ya kijiti kulikuwa na kinyonga, mdogo kuliko kiganja changu ukiacha mkia, wa kijani, na mstari mweupe-mweupe ubavuni. Vijana wa avenyu walikuwa wamemtoa kwenye ua wa maua wakitaka kumtia tumbaku mdomoni waone atafanya nini. Mtoto aliwapa mpira wake wa matambara, wakamwachia.

«Mama mdogo,» akaniambia, «huyu ni wangu sasa. Atakaa wapi?»

Niseme ukweli: mimi mwenyewe nilirudi nyuma mpaka nikagonga sufuria ya maharagi. Nimekulia Kivu, nami nilifundishwa kwamba mnyama huyu haguswi. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa «tupa». Kilichonizuia ni lile neno lake, wangu. Tangu afike kwangu hakuwa amesema kitu chochote ni chake, hata sahani.

Usiku ule kinyonga alilala ndani ya kikapu, na asubuhi nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu wa biolojia anayeishi nyuma ya kanisa. Nilitaka aniambie haiwezekani, nipate kumlaumu yeye mbele ya mtoto. Hakuniambia hivyo. Alitaka kwanza kujua nimemlaza ndani ya nini, kisha akaniambia maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu la habari, kati ya mkutano wa usalama na bei ya makala.

Kinyonga hana sumu. Akishikwa vibaya anaweza kuuma, lakini kwa meno madogo ambayo hayamfikishi mtu hospitali. Hali majani. Anataka wadudu walio hai: panzi, nzi, nyenje. Anawavuta kwa ulimi ambao ukinyooka unaupita urefu wa mwili wake. Ukimwekea maji kwenye kisahani anaweza kufa kiu pembeni yake, kwa sababu amezoea kunywa matone yanayong'aa kwenye majani baada ya mvua. Macho yake yakiingia ndani, ujue ana kiu. Anataka jua la asubuhi, kivuli cha mchana, na hewa inayopita. Ndoo, chupa au sanduku lililofungwa chini ya mabati vitampika. Hapendi mwenzake. Ukiwaweka wawili, wataishi kwa hasira mpaka mmoja aache kula. Na rangi yake si ya kukudanganya wewe: anaibadilisha kwa joto, kwa baridi, kwa hofu, na ili kusema na vinyonga wengine. Akiwa mweusi-mweusi mkononi mwako, anakuomba umrudishe kwenye tawi.

Mwalimu alicheka niliposema mnyama huyu ni wa laana. Akaniambia kwamba mwaka 2006 wataalamu walipotenga kundi moja la vinyonga wa misitu ya milimani, walilipa jina la Kinyongia, kutoka neno letu la Kiswahili, na kwamba mmoja wa kundi hilo, anayeishi uwanda wa Lendu kule Ituri, alitambulishwa kwa wataalamu mwaka 2012 tu. «Dunia nzima inamwita kwa lugha yetu,» akasema, «na sisi tunampiga mawe.»

Akaniongezea onyo moja ambalo nalipitisha kwenu. Kumtoa mnyama wa pori katika hifadhi, au kumuuza, si mchezo. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile, na vinyonga hawa wako kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa unaodai kibali kabla hawajavushwa mpaka. Kwa hiyo mtu akikuambia ulete vinyonga kumi atakupa dola, mwambie aende zake. Kumwokoa mmoja mikononi mwa watoto wenye tumbaku, kumpa nguvu na kumrudisha, hilo alikuwa tayari kunisaidia.

Kizimba kilituchukua siku mbili. Mbao za sanduku la nyanya, misumari ya kuokota, na kipande cha chandarua kuukuu kilichobaki baada ya kufunika dirisha. Ndani tuliweka matawi ya unene wa kidole, maana anashika tawi kama mtu anavyoshika mpini wa jembe, na mche wa hibiskusi kwenye kopo. Kwa maji, mtoto alitoboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano ya moto, akaining'iniza juu ili itoe tone moja moja. Ninyi mnaojua bidoni moja inapatikanaje kwetu, msiogope: kinyonga hamalizi hata kikombe kwa siku. Chakula kilitoka kwenye nyasi za uwanja wa shule. Ndizi iliyoiva kupita kiasi, ikikaa kwenye kopo siku mbili, inakusanya vinzi vidogo ambavyo navyo vinaliwa. Gharama yote ilikuwa misumari minne niliyonunua kwa sababu ile ya kuokota ilipinda.

Nilidhani maandalizi yamekwisha.

Siku ya tatu, kwenye robine, wamama waliacha kuongea nilipofika. Jirani yangu mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba; alivuta kitenge chake na kugeuka, asinione. Mama anayeuza makala ndiye aliyesema: «Eti yule mtoto wa wakimbizi anafuga mnyama wa wachawi. Mimba ya watu ikiharibika tutamuuliza nani?» Nikahesabu maneno hayo moja moja. Hakusema mtoto wako. Hakusema mtoto wa Ndosho. Alisema mtoto wa wakimbizi.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimewahi kuandika juu ya watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu aliwaita wachawi, na najua neno kama hilo linaanzia wapi: linaanzia robine. Kesho yake mwenye nyumba alipita akaniambia kwa upole, akiangalia chini, kwamba wapangaji wengine wanalalamika, na kwamba au mnyama atoke au nitafute pengine. Usiku nilikaa nje karibu na kizimba. Njia rahisi ilikuwa wazi: nimfungulie mlango, nimwambie mtoto ametoroka. Lakini kufanya hivyo ni kukubali mbele ya avenyu nzima kwamba tulikuwa na kitu cha kuficha. Kinyonga angeondoka, na lile neno lingebaki juu ya mtoto.

Basi nikafanya kazi yangu, kama ninavyoifanya kwa habari nyingine. Nilimwendea shefu wa avenyu kabla wengine hawajamfikia. Nilimwendea jirani mwenye mimba nyumbani kwake, na sukari kidogo mkononi, nikamwambia: «Mama, kama ni hofu yako, sitakucheka. Kizimba kitakaa upande wangu wa nyuma, na mtoto hatapita nacho mlangoni kwako mpaka ujifungue.» Hakunijibu vizuri, ila alipokea sukari. Nilimwomba mwalimu aje Jumamosi. Kwa mama wa makala nilikwenda mara tatu. Mara mbili alikuwa hayupo, ya tatu alijifanya hayupo.

Jumamosi hiyo walikuja watu kama ishirini, chini ya mti wa avoka wa shefu. Mwalimu alimtoa kinyonga, akamwacha atembee kutoka mkono hadi bega, akazungumza kama yuko darasani. Watu walirudi nyuma, wakacheka, wakasogea tena. Kisha akasema: «Mwenye mnyama ataeleza mengine.» Mtoto wangu, ambaye kwa miezi nane sikumsikia akisema sentensi tatu zinazofuatana, alieleza juu ya matone, jua la asubuhi, na vinzi vya ndizi. Mzee mmoja akauliza: «Na kwenu Masisi wako?» Akajibu kwamba wako, kwenye mimea ya kando ya mashamba, na kwamba mama yake alimkataza kuwapiga kwa sababu wanakula wadudu wa maharagi. Shefu alikata shauri: kinyonga abaki mpaka apate nguvu, asiuzwe, asipelekwe barabarani, na mtu akimwita mtoto mchawi aje kumwambia yeye shefu kwanza. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nimelitafuta. Mwenye nyumba alikuwepo. Hakurudia tena habari ya kuhama.

Tangu robine hadi kuamkiwa kama kawaida zilipita wiki tatu. Kwa wale wanaotaka kufuga kiumbe ambacho watu wanakiogopa, jueni hesabu ndiyo hiyo, na kama aliye naye ni mtoto wa watu waliohama, anzeni na majirani kabla ya kushika nyundo. Mimi nilianza na nyundo.

Kilichofuata hakuna aliyekitazamia, hata mwalimu. Kinyonga alikuwa amenenepa, nasi tukajisifu kwamba tunalisha vizuri. Asubuhi moja kabla ya shule nilisikia kelele. Vinyonga wa aina hii ya milimani hawatagi mayai, wanazaa. Kwenye kizimba kulikuwa na watoto kumi na mmoja, kila mmoja mdogo kuliko njiti mbili za kibiriti, wamenata kwenye matawi na macho yakizunguka. Wawili hawakusogea. Mtoto aliwazika chini ya ua kabla sijasema neno.

Tisa na mama yao hatukuweza. Hao huanza kuwinda wenyewe mapema, wala mama yao hawatunzi. Mwalimu alisema akiwa na njaa anaweza hata kuwameza. Nzi wa makopo matatu ya ndizi hawakutosha siku mbili. Jumapili tulibeba kizimba hadi kwenye kiwanja cha mwalimu, chenye miti na ua mzito, mama kwanza, kisha wadogo, kila mmoja kwenye kichaka chake.

Mtoto alishika kizimba kitupu. «Mama mdogo, hawatakutana tena?»

«Pengine hapana. Ndivyo wanavyoishi, kila mmoja na mti wake.»

Alifikiri kidogo. «Lakini hao hakuna aliyewafukuza,» akasema, akatangulia njiani.

Dada yangu alikuja kutoka Lushagala juma lililofuata, akaelezwa kila kitu mara mbili, mara ya pili na vitendo. Jirani yetu alijifungua salama, msichana, na sijui kama alifikiria habari ya kinyonga hata kidogo siku ile. Mama wa makala bado akipita kwangu anashika upande wa pili wa njia. Kizimba sasa kina miche ya pilipili, kuku wasiifikie. Na kila Jumapili baada ya misa mtoto anaenda kwa mwalimu kuhesabu. Mara ya mwisho aliona wanne, akaniambia wengine watano huenda wako, ila wamejifunza kujificha vizuri.