Barua Kuwa Kitabu

Maandishi ya kila juma yana maisha mafupi. Huzaliwa kwa haja ya siku zake, husomwa kwa hamu, kisha hufunikwa na maandishi ya juma lifuatalo. Kitabu kina maisha mengine: humngoja msomaji ambaye pengine hajazaliwa. Basi mtu atakaye kuzifanya barua zake kitabu ana kazi kubwa kuliko ya gundi na jalada.

Kwa miaka minne, kila Ijumaa, nimewaandikia wanafunzi wangu wa zamani kutoka hapa Butimba, kwa njia ya intaneti, barua juu ya lugha na fasihi. Mmoja wao, mwalimu katika kisiwa kimoja cha ziwa hili, alinijulisha kwamba simu yake ilizama majini pamoja na barua zote alizokuwa akiwasomea watoto darasani. Aliomba kitabu.

Mfano mwema nimeuona Mombasa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili, jina lake Sahifa, yaani ukurasa. Mwaka 1944 makala zilizochaguliwa humo zilitoka katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 kitabu hicho kilichapishwa Leiden pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Gazeti lilikoma zamani. Kitabu kingali kinasomwa. Kimedumu kwa sababu makala zake zina shauri moja: elimu na mwenendo wa jamii ya mwandishi. Mambo ya siku yalipita, shauri likabaki.

Wavuvi wetu wanaijua kanuni hii. Dagaa wabichi huliwa leo. Wale wa kusafirishwa hadi Kongo huanikwa juani, huchekechwa ili mchanga utoke, kisha hufungwa magunia. Hapana mnunuzi alalamikaye kwamba maji yameondolewa.

Nami nimeondoa matangazo ya mikutano na mabishano yaliyokwisha. Barua tatu zilizosema jambo moja nimezifanya moja. Lakini neno "ninyi" sikulifuta, maana barua iliyomsahau anayeandikiwa imepoteza roho yake. Iliyonitaabisha kuliko zote ni barua ya maombolezo ya mwenzetu mmoja katika ualimu. Ilikuwa ya juma lile tu, na kwa kanuni yangu ilistahili kuondoka. Nimeibakiza bila ya kuipunguza neno. Kifo chake kilikuwa habari ya siku. Wema wake kwa wanafunzi haukuwa wa siku.

Kitabu kikijaliwa kutoka, nakala ya kwanza itavuka maji. Barua za Ijumaa sitaziacha. Dagaa wakavu hawajapata kumzuia mvuvi kurudi ziwani usiku.