Lawama kwa Mama wa Mtoto Mtukutu



Hakuna mzigo unaotupwa upesi kama lawama juu ya mzazi. Mtoto asiyetulia darasani, asahauye alichotumwa kabla hajafika dukani, adakiaye maneno ya wakubwa, humponza mama yake. Watu husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Methali hii ni ya kweli, lakini hata neno la kweli huweza kutumiwa mahali pasipo pake.

Hali hii inapopindukia mipaka na kumharibia mtoto masomo na maisha, madaktari huihesabu kuwa ni tatizo la ukuaji wa ubongo. Wala si jambo la leo. Mwaka 1902, daktari George Still aliwahutubia madaktari wenzake mjini London juu ya watoto walioshindwa kujizuia ilhali akili zao hazikuwa pungufu. Yeye aliiita kasoro ya kujitawala kimaadili, na jina hilo lenyewe lilibeba lawama.

Baadaye wataalamu waliwalinganisha pacha wa yai moja na pacha wa mayai mawili. Wote hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Lau malezi ndiyo chanzo, makundi hayo yangelikuwa sawa. Lakini pacha wa yai moja anapokuwa na hali hii, mwenziwe huwa nayo mara nyingi zaidi kuliko ilivyo kwa pacha wa mayai mawili. Kwa kujumlisha uchunguzi wa namna hii, imekadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 74 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jambo hili hutokana na urithi.

Usidhani kuwa ipo jeni moja mbaya. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023, uliowalinganisha watu 38,691 wenye hali hii na 186,843 wasiokuwa nayo, ulipata sehemu 27 za urithi zinazohusika nayo, na kila moja huongeza kidogo tu. Nyingi ya chembe hizo tunazo sisi sote, mmoja zaidi na mwingine chache.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka 9. Skuli moja ilimrudisha nyumbani mara mbili kwa ukaidi. Majirani wakasema mamake amemdekeza. Wengine wakanong'ona kuwa ana jini. Daktari aliyemchunguza aliuliza, "Na baba yake utotoni alikuwaje?" Mama mkwe wa dada yangu, aliyekuwapo, alicheka kidogo, kisha akamtazama mwanawe. "Huyu alikuwa vivi hivi. Madaftari yake nikiyaokota njiani, na bakora zote alizopigwa hazikumfunza kutulia." Shemeji yangu aliinamisha kichwa. Tangu siku ile huketi na mwanawe jioni, hesabu moja baada ya moja, kwa subira ambayo yeye mwenyewe hakuonjeshwa.

Ama kurithi si kuhukumiwa. Asiyeona mbali huenda amerithi macho ya babake, lakini akipata miwani husoma kama wenzake. Kadhalika mtoto huyu: ziko dawa ambazo daktari huweza kumpa, na yako mambo ya nyumbani na darasani. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mweke mbele, mbali na dirisha. Msifu papo hapo anapofanya vyema, wala usingoje mwisho wa mwezi. Malezi hayakuizua hali hii, lakini malezi mema humwepusha na madhara yake mengi.

Basi, ewe msomaji, ukimwona mama anahangaika na mtoto wa namna hii, uzuie ulimi wako. Na wewe baba, kabla hujaishika bakora, muulize mama yako ulikuwaje ulipokuwa na umri wake. Huenda unayetaka kumpiga ni wewe mwenyewe.