Si Kila Maji Maangavu Ni Salama

Sisi tukaao Maparoni, katika delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti, hatuhitaji kufundishwa kwamba maji hayako katika hali moja. Wakati wa masika mto hushuka na maji matamu, ukaisukuma nyuma chumvi. Na kiangazi kikishika, bahari hupanda vijitoni mpaka ndani ya mikoko. Samaki aliye huru huyafuata maji yamfaayo. Ama samaki wa tangini hana pa kukimbilia: maji aliyotiwa ndiyo dunia yake, na mwenye dhamana ya dunia hiyo ni yule aliyemfunga.

Hayo nimeyafikiri tangu mwana wa ndugu yangu aliponijia na shauri lake. Alitaka kufuga vifaranga vichache vya mwatiko katika tangi la kioo, kwa maji ya chumvi, apate kujifunza kabla ya kuchimba bwawa. Akiba yake haikutosha kununua kila kipimo, na moyo wake ulikwisha kuelekea kwenye chombo cha umeme kisemwacho kupima mambo mengi kwa mara moja. Akaniuliza, "Baba mdogo, ninunue kipi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, kwanza tazama ni jambo gani ambalo jicho lako na ulimi wako haviwezi kukuambia."

Ulimi hujua kwamba chumvi ipo, wala haujui kiasi chake. Maji ya bahari kuu huwa na gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo moja. Katika tangi, maji hukauka kwa joto na chumvi hubaki. Kwa hiyo kilichopungua hurudishwa kwa maji matamu, si kwa maji ya bahari. Mwatiko ni mvumilivu wa chumvi nyingi na chache, lakini badiliko la ghafla humdhuru. Haidromita, yaani kipimo kieleacho majini, ni rahisi kwa bei. Ila kioo chake huvunjika upesi, na viputo vikikishika hudanganya. Rifraktomita hutaka tone moja au mawili tu, nawe ukachungulia kuelekea kwenye mwanga. Haina betri, na usahihi wake hukaguliwa kwa maji yaliyokenekwa, ambayo yapaswa kusoma sifuri.

Lakini adui mkubwa si chumvi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichosalia huzaa amonia, sumu ambayo haiyageuzi maji rangi. Bakteria wema huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Nao katika tangi jipya huhitaji majuma kadhaa, aghalabu manne hadi sita, kabla hawajatosha. Katika majuma hayo maji huweza kuwa maangavu kama kioo, na samaki wakafa. Tena joto likizidi, amonia huzidi ukali. Nasi twajua joto la pwani yetu.

Basi nilimshauri anunue rifraktomita, kipimajoto, na vichupa vya matone vya kupimia amonia na nitriti. Maji kidogo hutiwa katika kichupa cha kioo, yakatonezwa dawa, na baada ya dakika chache rangi yake hulinganishwa na kadi. Atazame kwamba pakiti imeandikwa kuwa yafaa kwa maji ya bahari, na kwamba muda wa dawa haujapita. Vipande vya karatasi ni rahisi, lakini unyevu wa kwetu huviharibu. Na chombo cha umeme hutaka betri na maji maalumu ya kukisahihisha kila mara. Mtu wa kisiwani, ambaye duka lake ni safari ya mashua, asijifunge kwa kitu hicho mwanzoni.

Tena aanze na samaki wachache, awe na daftari, aandike kila kipimo na tarehe yake. Maana kipimo hakiponyi. Amonia ikionekana, hupunguzwa chakula na kubadilishwa sehemu ya maji siku ile ile, kwa maji yenye chumvi na joto sawa na yale ya tangi. Apimaye kisha asitende ni sawa na asiyepima. Na samaki hana sauti ya kumkumbusha.