Herufi M.

Aghalabu mhakiki huanza kwa kuuliza: msanii ni nani? Swali hilo lilinikwamisha nilipokuwa nikiyaandika kwa Kiswahili maelezo ya "The Goose Pond, Easthampton", mchoro wa mwaka 1881 unaoonyesha bwawa la mabata bukini katika mwambao wa Long Island, Marekani. Mchoraji alizoea kutoka nje na bamba la shaba lililopakwa nta, akalikwaruza kwa sindano papo hapo. Kisha asidi ikala mistari, wino ukapakwa, karatasi ikagandamizwa. (Mandhari hugeuka, kulia kukawa kushoto.) Alijulikana kama M. Nimmo Moran. Mwaka huo huo, chama cha wachoraji wa aina hiyo jijini London kilimchagua kikidhani ni mwanamume. Kumbe M. ni Mary, mzaliwa wa Uskoti, mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Sasa, msomaji, zirejelee sentensi zangu: alizoea, akalikwaruza, alijulikana. Kiambishi a- hakikufichua lolote. Huisifu sana sifa hii ya lugha yetu. Hapa, hata hivyo, inamrudisha Mary nyuma ya herufi yake. Niliandika "mchoraji wa kike", nikafuta: ilisikika kama udhuru. Katika maelezo yale, jina Mary litatangulia bwawa.