Okutoyi hajapotea popote

Kila nikimtaja Angella Okutoyi kwa posti zangu, lazima mtu aulize: yule dada wa tenisi alipotelea wapi? Walahi swali hilo linanikera.

Turudi nyuma kidogo. Alizaliwa 2004, yeye na pacha wake, na mama yao akafariki wakati wa kujifungua. Nyanya ndiye aliyewalea. Sisi huku Garissa tungesema ayeeyo, na kila mtu hapa anajua uzito wa hilo neno. Nyanya alikuwa anafanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, wakaishi hapo hapo. Mtoto alianza kushika raketi akiwa na miaka minne hivi.

Julai 2022, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakachukua ubingwa wa Wimbledon, wasichana wawili wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, ya mwisho wakaiponyoka 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kubeba taji la Grand Slam kabla yake. Tulipiga makofi, tukaposti bendera, tukarudi kwa mambo yetu.

Sasa angalia waliofungwa siku ile. Mmoja alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alimpiga Naomi Osaka fainali ya Montreal. Miaka mitatu tu.

Kwani Okutoyi alikuwa amelala? Alienda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Machi 2024 akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Lakini Olimpiki ya Paris hakuwepo, maana dhahabu pekee haitoshi. Lazima pia uwe juu kwenye orodha ya dunia, na pointi za orodha hiyo unazipata kwa kuzunguka mashindano wiki baada ya wiki: tiketi ya ndege, viza, hoteli, kocha. Akishindwa raundi ya kwanza, hela imeenda na pointi hamna. Kanada ina shirikisho lenye pesa. Sisi tuna makofi.

Na huyo ni mtoto wa Nairobi, aliyekulia kwenye mji wenye viwanja na makocha. Mimi nimekulia Garissa na raketi nilikuwa naiona kwa TV tu. Wasichana wa mtaani kwetu wana mbio, wana nguvu, na wakicheza mpira jioni jua likipoa, utasimama uangalie. Hatujui nani kati yao angekuwa nani.

Nimeshapata mwalimu mmoja aliyekubali tuchore mistari kwenye sakafu ya saruji ya shule yake. Neti tutatumia kamba. Kama una raketi kuukuu imelala kwako, hata moja, niandikie inbox.